Mkuu wa Kaya

Katika fomu nyingi nilizojaza nilipokuwa karani wa serikali hapa Dar es Salaam palikuwa na mstari wa "mkuu wa kaya". Nami niliandika jina langu bila kusita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliniunga mkono: mume ana wajibu wa kumtunza mkewe, mke humtunza mume pale tu mume asipoweza kujipatia riziki kwa maradhi au ulemavu. Waliotunga sheria hawakujua kwamba mshahara nao huugua.

Wangu uliugua sana. Kufikia mwaka 1983 ulikuwa ukikata roho kabla ya tarehe kumi, na sukari na unga vilikuwa vya foleni. Ndipo mama watoto alipoanza mradi, kama tulivyoita siku zile. Saa kumi alfajiri yuko jikoni, anakaanga maandazi. Mimi niliamshwa na harufu, nikanywa chai, nikala mawili ya bure, nikaenda ofisini kuendesha nchi. Mwaka huohuo ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi, mimi nilikuwa na kitambulisho cha kazi cha kumwonyesha askari. Yeye alikuwa na karai.

Mwaka huo wa 1983 pia, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya wanandoa. Mimi nilihitaji malaria kulielewa hilo. Tena si yangu, yake. Alilala wiki nzima, nami nikashika karai. Siku ya kwanza nilisahau hamira. Wateja waliyarudisha maandazi wakiuliza kama ni ya kula au ya kujengea. Ijumaa hapakuwa na fedha ya mboga. Usiku ule nilipiga hesabu kwa mara ya kwanza: sare za watoto, mafuta ya taa, hata viatu nilivyovaa kwenda ofisini, vyote vilitoka kwenye karai lile. Nilikaa kimya. Neno la asante halikunitoka, na deni hilo ninalo mpaka leo.

Katika sensa ya Agosti 2022 karani alituuliza mkuu wa kaya ni nani. Nikaona wakati wa kulipa umefika. Nikamwonyesha mke wangu.

Yeye hakuinua hata uso kwenye ungo wa mchele. "Andika huyohuyo mzee," alisema. "Mimi nina kazi."