Kutisha au Kunusurika?

Wafasiri wetu wakiandika juu ya michezo fulani ya video huiita 'michezo ya kutisha'. Istilahi hiyo twaiona pungufu, na historia yatupa sababu. Mwaka 1989 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Sweet Home, mchezo uliotokana na filamu ya Kiyoshi Kurosawa. Watu 5 waingia katika jumba la marehemu mchoraji ili kupiga picha michoro yake ya ukutani. Mzimu wa bibi mwenye nyumba wawafungia humo. Kila mmoja ana kifaa chake, mzigo awezao kuchukua ni mdogo, na afaye hafufuki. Basi kinachomtia mchezaji hofu si sura ya mzimu tu, bali hesabu ya kilichobaki. Mchezo huo haukuuzwa rasmi nje ya Japani, nao wastahili kuchezwa hata leo. Resident Evil ya mwaka 1996, iliyoeneza jina la Kiingereza la aina hii, ilianza kama jaribio la kuuunda upya; na jina hilo latanguliza kunusurika, kisha hofu. 'Kuokoka' tumeliacha, kwani lanukia kanisa. Twapendekeza 'mchezo wa kunusurika'.