Udongo Mweupe na Chokaa: Utunzaji wa Makaburi ya Ukoo Kasongo na Kabambare

Kaburi la kawaida la ukoo katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ni tuta la udongo lililozungushiwa mawe au matofali, ambalo ndugu wa marehemu hulifyeka, hulifagia na kulipaka rangi nyeupe mara moja kwa mwaka. Kaburi la namna hiyo halidumu kwa nguvu ya vifaa vilivyolijenga, kwa kuwa mvua ya misimu michache hutosha kulisawazisha na ardhi. Hudumu kwa sababu wapo watu wanaoishi karibu nalo na wanaokubali kulirudia. Kwa hiyo historia ya utunzaji wa makaburi katika nchi hii ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nani aliruhusiwa kuishi karibu na wafu wake.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, wakiwa pamoja na waungwana, yaani Waislamu wasemao Kiswahili waliofuatana nao au waliosilimu bara, walifanya makao Kabambare, Nyangwe na Kasongo, mji ambao Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, aliufanya makao yake makuu kuanzia mwaka 1875 hivi. Walikuja na taratibu zao za maziko: sanda, mwanandani, ambao ni uwazi unaochimbwa ndani ya kaburi ili mwili usilaliwe na udongo, na kumlaza maiti kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Hawakuweza kuja na makaburi ya pwani yenyewe. Huko nguzo na kuta za makaburi, kama zinavyoonekana Kaole, Tongoni karibu na Tanga, au Gedi, ambako kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Maniema haina matumbawe, na mtumba wa chokaa uliobebwa kichwani kutoka pwani ungechukua nafasi ya kitambaa au baruti, bidhaa ambazo ndizo zilizolipia msafara. Weupe ulipaswa kutoka katika ardhi ya hapohapo.

Ardhi hiyo ilikuwa nao tayari. Udongo laini mweupe ambao Kiswahili cha Kongo huuita pemba, na ambao wanajiolojia huuita kaolini, ulikuwa na heshima kubwa katika eneo hili kabla ya msafara wa kwanza kufika. Miongoni mwa Waluba, majirani wa upande wa kusini, ulikuwa alama ya usafi na ya mawasiliano na waliotangulia. Kuupaka juu ya kaburi hakukuhitaji fedha. Kulihitaji mtu wa kuuchimba, mwingine wa kuuponda na kuuchuja, na maji ya kuuchanganya.

Weupe huo haukukubaliwa na kila mwanachuoni. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Jabir, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, inasimulia kwamba Mtume alikataza kaburi lisipakwe chokaa, lisikaliwe wala lisijengewe, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wameridhia kaburi liinuliwe kiasi cha shibiri moja tu ili lijulikane na lisikanyagwe. Kufyeka majani, kurudishia udongo uliotitia na kupanga mawe pembeni ni mambo yasiyo na ubishi. Ubishi huanza panapotajwa lipu, rangi na kuta. Yafaa itambuliwe kwamba sheria hii iliwafaa maskini, kwa kuwa kaburi alilolimudu mkulima wa mpunga ndilo lililokuwa karibu zaidi na lile lililotakiwa na kitabu.

Hata hivyo, makaburi ya watu huru hayawezi kuelezwa bila kuwataja waliokosa kaburi. David Livingstone, aliyelazwa na vidonda vya miguu Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, kuanzia katikati ya mwaka 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, aliandika juu ya kipindupindu kilichofika huko, juu ya safura iliyowapata watumwa waliokula udongo, na juu ya mateka waliokufa bila ugonjwa unaoonekana, ambao yeye aliwaona kuwa wamekufa kwa huzuni. Mtu aliyetekwa Maniema na kufia njiani kuelekea Ujiji au Unyanyembe hakuwa na mjomba wala mpwa wa kumfyekea majani. Idadi ya watu hao ni kubwa, na hakuna historia ya makaburi ya eneo hili inayostahili jina lake inayoweza kuwaacha nje.

Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wakuu wa pwani viliwageukia waungwana wenyewe. Majeshi ya Dola hiyo, yakiongozwa na Francis Dhanis, yaliingia Kasongo mwezi Aprili 1893, na Kabambare ikaangukia mikononi mwao Januari 1894. Baadaye mji wa Kasongo ulihama, na Kasongo ya kale ikabaki kuitwa Tongoni, mahame yenye magofu na vichaka. Wanajeshi wawili wa Dola, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwishoni mwa mwaka 1892, walijengewa mnara wa kumbukumbu Blankenberge, Ubelgiji, mwaka 1900. Wakazi wa Kasongo waliolala Tongoni hawakupata jiwe la aina hiyo, na waliohamishwa hawakuweza kuyafyeka makaburi yao kila mwaka. Karne moja na zaidi ilipita kabla ya wanaakiolojia, wakishirikiana na watafiti wa Kikongo, kuyachunguza mahame hayo kwa makini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020.

Utawala wa Ubelgiji uliendeleza mtawanyiko huo kwa njia nyingine. Baada ya amri ya mwaka 1917 ya kilimo cha lazima, pamba ilienezwa Maniema, na vijiji vilisogezwa kandokando ya barabara ili mazao, kodi na wafanyakazi vipatikane kwa urahisi. Makaburi, ambayo kwa desturi yalikuwa nyuma ya nyumba au pembeni mwa kijiji, yaliachwa katika mahame ya porini, na usafi uliokuwa kazi ya asubuhi moja ukageuka kuwa safari. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, na ile ya Kabalo hadi ziwa Tanganyika, iliyofuata mwaka 1915, zilirahisisha kufika kwa saruji na chokaa ya viwandani. Saruji ndiyo iliyolifanya kaburi kuwa deni, kwa kuwa tangu hapo heshima ya marehemu ilianza kupimwa kwa unene wa zege, na familia nyingi zikaingia gharama zilizozidi zile za matanga yenyewe.

Chokaa, kinyume na saruji, ilibaki ndani ya uwezo wa ukoo. Ikiloweshwa na kuachwa ikae, kisha ikapakwa nyembamba mara mbili au tatu juu ya uso uliosuguliwa na kunyunyiziwa maji, hunyonya hewa ukaa na kugeuka tena kuwa jiwe; pemba haigeuki hivyo, na mvua huiosha. Ndiyo maana tarehe ya kazi ina uzito. Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi nchini Kongo, ambayo asubuhi yake ni ya wazazi waliofariki na mchana wake ni wa walio hai, huangukia kiangazi cha Maniema ya kusini, majani yakiwa yamekauka na rangi ikipata majuma kadhaa kabla ya mvua. Tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote, huangukia masika, na weupe uliopakwa siku hiyo huweza kuondoka kabla ya Krismasi. Waislamu, ambao kalenda yao ya mwezi huzunguka misimu yote, huzuru makaburi kabla ya Ramadhani na siku za Idi bila kujali hali ya mbingu, jambo linalowezekana kwa sababu ziara yao huhitaji jembe na dua kuliko rangi.

Gharama ya kazi hii kwa familia isiyo na kitu ni ndogo endapo mikono ipo: mapanga na majembe huazimwa, maji huchotwa na watoto, na fedha huchangwa kwa ajili ya chokaa pekee. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na mapigano yaliyoendelea Kabambare, hasa katika eneo la dhahabu la Salamabila, vimeiondoa mikono hiyo. Familia zilizokimbilia Kasongo, Kindu au Kalemie zimeacha makaburi katika vijiji ambavyo bado si salama kurudiwa, na mfuko mzima wa chokaa hauwezi kuziba pengo hilo. Kinachobaki kwa wazee wao ni kuwatajia vijana majina ya waliozikwa na alama za mahali, mti gani, kijito gani, upande upi wa njia, ili siku watakapoweza kurudi na mapanga yao wajue waanzie wapi kufyeka.