Sekunde ya Chemko: Safari ya Mguu wa Mpiga Solo

Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwimbaji, maneno yanasikika vizuri na magitaa yanamfuata kwa adabu. Ya pili ni chemko: mwimbaji anasogea pembeni, tumba zinakazwa na gitaa la solo linapanda juu ya vyombo vyote. Kati ya sehemu hizo mbili kuna sekunde moja tu, na ndani ya sekunde hiyo mpiga solo anatakiwa abadilishe sauti ya gitaa lake bila kuacha kupiga. Makala hii inahusu sekunde hiyo.

Naianzia Masanze, kata ya wilaya ya Kilosa, kwa sababu sehemu hizi zilijua gitaa la umeme kabla ya kujua umeme. Reli ya Kati ilipita Kilosa tangu enzi ya Wajerumani, na mashamba ya katani ya Kimamba na Rudewa yalikusanya watu wa makabila mengi wanaolipwa mshahara. Penye mshahara na reli, dansi halichelewi. Na mji wa Morogoro ulikuwa na bendi mbili ambazo Tanganyika nzima ilizisikia. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum Abdallah, kijana aliyependa mno santuri za Kikuba, aliunda La Paloma, bendi ambayo baadaye ilijulikana kama Cuban Marimba na aliyoiongoza mpaka ajali ya gari ilipomuua mwaka 1965. Mashabiki wa bendi hizo mbili waligawanyika kama wa Simba na Yanga.

Karibu na wakati wa kifo hicho Morogoro Jazz ilimpata Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, akakulia Morogoro. Alikwenda na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na mwaka 1973 akajitenga na kuanzisha Super Volcano. Ajali ya gari ilimkuta Mombasa, akafariki Januari 12, 1979, akiwa na miaka 34. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja. Sikiliza rekodi zake uone gitaa linavyomjibu mwimbaji ambaye ni yeye mwenyewe.

Sasa, wapiga solo wa kizazi kile waliivukaje sekunde ya chemko? Kwanza kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, kinachofikia kitufe cha volumu kwenye gitaa huku vidole vingine vikiendelea na kazi. Pili, na hili naliona kuwa kubwa zaidi, kwa kugawana kazi. Bendi ilikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na waliofuata mtindo wa Kikongo waliongeza la nne, mi-solo, linalokaa katikati. Chemko lilipofika, wa ridhimu alibana, wa mi-solo akajaza, wa solo akapata nafasi. Mabadiliko ambayo leo mtu mmoja anayafanya kwa mguu, wao waliyafanya kwa kusikilizana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu muziki ule haujachakaa.

Ughaibuni mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1962 Marekani iliona kisanduku cha kukwaruza sauti cha chapa ya Maestro, kinachobonyezwa kwa kiatu. Miaka michache baadaye likaja kanyagio la wawa, linalolifanya gitaa lilie kama mtu. Kisha amplifaya zikatengenezwa zenye chaneli mbili, moja safi na moja kali, na swichi ya mguu ya kuhama kutoka hii kwenda ile. Visanduku vilizidi, na mpiga gitaa akajikuta anacheza ngoma ya miguu jukwaani: kuvuka kwenda kwenye solo kulitaka akanyage swichi tatu kwa mpigo.

Kwetu tatizo halikuwa wingi wa swichi. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Mwanamuziki alipohama bendi aliliacha gitaa na amplifaya yake, akaenda mikono mitupu. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na hata nyuzi zilikuwa za kutafuta. Nani angenunua kanyagio?

Ughaibuni nako dawa ya wingi wa swichi ilianza kuonekana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda viwili vya kampuni tofauti, Prophet-600 na Jupiter-6, viliunganishwa kwa waya mmoja. Ukipiga kimoja, cha pili kinaitika. Lugha viliyozungumza iliitwa MIDI, na waasisi wake wakuu, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Jambo la kushika ni hili: waya wa MIDI haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha amri. Kanyagio la MIDI linatuma namba, moja kati ya 128, na amplifaya iliyofundishwa namba hiyo inajipanga: chaneli fulani, mwangwi kiasi fulani, volumu fulani. Amri hiyo inafika chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mguu unabonyeza mara moja, vitu vitano vinabadilika.

Ajabu ni kwamba hapa Tanzania MIDI iliingia kwa mlango wa vinanda na kompyuta, ikampita mpiga gitaa. Ndiyo iliyowezesha kinanda kuiamuru kompyuta katika studio zilizozaa bongo fleva. Na wilaya ya Kilosa ina kumbukumbu yake hapo: msanii wa bongo fleva Professor Jay, ambaye albamu yake Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 ilitengenezwa na mtayarishaji P-Funk, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Muziki wa kompyuta ulimpunguzia mpiga solo ajira, sitalificha hilo. Lakini lugha ni ileile, na mwenye gitaa ana haki ya kuisema.

Leo gitaa la umeme vijijini linasikika zaidi kwenye kwaya za makanisa, mara nyingine kwa jenereta, amplifaya moja ikibeba magitaa mawili. Mpiga solo wa kwaya ana sekunde ileile ya chemko, ila hana mpiga mi-solo wa kumjazia. Kanyagio la MIDI lingemfaa, na halidai amplifaya mpya. Amplifaya ya zamani yenye tundu la swichi ya mguu inaweza kuunganishwa na kisanduku kidogo cha rilei kinachopokea amri za MIDI na kubonyeza swichi kwa niaba ya mguu. Fundi redio mzuri anaielewa kazi hiyo kwa kuona mchoro tu.

Ndiyo maana nina ombi kwa wenye nyumba za Kilosa, Kimamba, Masanze na Mikumi. Kama stoo kuna amplifaya ya valvu iliyoachwa na bendi, shule au kanisa, usiipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Usiifungue mwenyewe pia, maana ndani yake hukaa umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya kuchomolewa. Ifute vumbi, itafutie fundi, kisha mwite kijana mwenye gitaa.