Mtoto wa Basankusu: homa na vipele katika historia ya Kongo

Mama wa Kindu anayefikisha kituo cha afya mtoto mwenye homa na vipele huulizwa maswali mengi. Vipele vilianzia wapi? Anakohoa? Macho ni mekundu? Mitoki ya shingo imevimba? Maswali hayo yana historia yake, na sehemu kubwa ilianzia humu humu Kongo.

Mwaka 1970, mtoto wa kiume wa miezi 9 alilazwa hospitali ya Basankusu, jimbo la Equateur. Waganga walifikiri ni ndui. Kampeni ya kuitokomeza ilikuwa karibu kumaliza kazi, kwa hiyo kila kipele kilifuatiliwa. Nyumbani kwao wengine walikuwa wamechanjwa. Yeye peke yake bado. Sampuli ilipelekwa hadi Moscow, na jibu likashangaza: si ndui, ni virusi vilivyojulikana kwa nyani tu. Akawa binadamu wa kwanza kugunduliwa na ugonjwa unaoitwa leo mpox. Kama ndui ingekuwa bado imejaa vijijini, pengine hakuna ambaye angeiona tofauti.

Mtoto yule alipona mpox. Kabla hajatoka hospitali, akashikwa na surua. Ndiyo iliyomuua.

Ndui ilikwisha Kongo mwaka 1971, na chanjo yake baadaye ikasimamishwa. Waliozaliwa nyuma wakakosa kinga iliyosaidia pia dhidi ya mpox. Mwaka 1996 na 1997 ugonjwa ukalipuka Katako-Kombe, upande wa Sankuru, jirani na Maniema. Hata huko, wengi waliodhaniwa wana mpox walikuwa na tetekuwanga.

Surua, kwa upande wake, haikushangaza mtu. Ni ya watoto, watu husema. Lakini kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2020 ilienea katika majimbo yote 26 na kuua zaidi ya watu 6,000, kupita Ebola iliyokuwa ikitajwa redioni kila siku.

Chanjo ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi 9, umri ule ule wa mtoto wa Basankusu. Familia zinazokimbia vita mara nyingi hupoteza kadi njiani, na surua huenda mbio pale watu wanapolala wamesongamana. Mtoto ambaye kadi yake imepotea anaweza kuchanjwa tena. Dozi ya ziada haimdhuru.