Uzazi wa panya Arua na Koboko
Panya wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni wa aina nyingi. Wanaosumbua watu zaidi ni watatu: panya wa darini (Rattus rattus), panya shamba wa jenasi Mastomys, na panya wa nyasi (Arvicanthis niloticus), ambaye hutafuta chakula mchana na kujikatia vijia majanini.

Panya wa darini hutengeneza kiota kwenye paa la nyasi la msonge au nyuma ya magunia ya muhogo mkavu, kwa majani, matambara na nyuzi alizotafuna. Mimba huchukua siku 21 hadi 23, kisha huzaa watoto sita hadi wanane hivi. Kichanga huwa chekundu, hakina manyoya, macho na masikio yamefumba, na uzito wake ni kama gramu 5. Kikishanyonya, maziwa huonekana tumboni kupitia ngozi, doa jeupe ubavuni. Mama hukilamba sehemu za siri ili kikojoe, maana chenyewe hakijaweza. Kikiteleza nje ya kiota hulia kwa sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la binadamu. Mama huifuata na kukirudisha kwa meno. Kiota kikichokonolewa, huwahamisha wote, mmoja mmoja. Dume hasaidii lolote.

Macho hufumbuka wiki ya pili inapomalizika, na kunyonya huisha kwenye wiki ya nne. Huenda wakati huo mama ana mimba nyingine tayari, kwani jike hupandwa tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Ndiyo maana kumuua panya mmoja mmoja huku chakula kikiwa wazi ni kazi isiyokwisha.

Panya shamba huwapita wote. Jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na uzao wa watoto kumi na zaidi ni jambo la kawaida. Yeye lakini hufuata mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wameonyesha kwamba huzaliana majani mapya na mbegu zinapopatikana, na kwamba watoto wengi huchelewa kupevuka hadi msimu unaofuata. Mvua zikiwahi na kuwa nzuri, hupevuka mapema na idadi hufumuka. Kwa hiyo mitego huleta faida kubwa mwishoni mwa kiangazi, wazazi wakiwa wachache. Wakulima wengi hutega baadaye, mtama ukishaliwa.

Mavuno yakiingizwa nyumbani, panya huvifuata vyakula, na viroboto huja nao. Wilaya za Arua na Zombo zina tauni ya tangu zamani, hasa maeneo ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 kama Vurra na Okoro, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ina kituo cha tauni mjini Arua. Panya akifa kwa tauni, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu aliyelala sakafuni. Panya wanaoonekana wamekufa ndani bila mtego wala sumu hawashikwi kwa mikono mitupu. Taarifa hupelekwa kituo cha afya mara moja.