Walijua Theluji ya Kesho, Hawakujua ya Watoto Wao

Kuna picha moja kwenye simu yangu ambayo nilikataa kuiposti kwa miezi kadhaa. Leo nitawaambia kwa nini.

Nilipopanda Mlima Kenya mara ya kwanza nilikuwa nimeshapanga video yote kichwani. Mimi, jua linachomoza, na nyuma yangu barafu ya Lewis, nyeupe pepepe kama ile ya kitabu cha Jiografia. Tulipofika Austrian Hut nikamuuliza mwongozaji wetu, "Mzee, barafu iko wapi?" Akanyoosha fimbo. "Si hiyo hapo, kijana wangu." Nikaona kitu cha kijivu, kimejaa changarawe, kama barafu ya friji iliyosahaulika. Nikadhani ananichezea. Nikapiga picha moja, nikazima simu. Manze, haikuwa picha ya kuringa nayo.

Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma habari za barafu za tropiki. Nikajikuta Bolivia, kwenye mlima unaoitwa Chacaltaya. Historia ya huko ndiyo nataka tuipitie, kwa sababu inafanana na yetu kuliko nilivyotarajia.

Chacaltaya uko karibu na jiji la La Paz na kilele chake kiko mita 5,421 juu ya bahari. Batian, kilele chetu kirefu kabisa, ni mita 5,199. Sasa fikiria watu wanapanda hadi huko wikendi, wanavaa skii miguuni na kuteleza juu ya theluji! Club Andino Boliviano, klabu ya wapanda milima iliyoanzishwa 1939, ndiyo ilifungua mteremko huo. Hakukuwa na viti vya kubebwa hewani kama vya Uswisi. Kulikuwa na kamba ndefu inayovutwa na injini ya gari: unajishikiza, inakuburuta hadi juu, unashuka ukihema. Kwa miaka mingi ndio uliojulikana kama mteremko wa juu zaidi duniani wa mchezo huo.

Ulaya, theluji huja wakati wa baridi. Chacaltaya iko tropiki kama sisi, kwa hivyo theluji yake huja na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Miezi ya baridi huko ni mikavu, na mteremko unabaki barafu tupu, ngumu kama sakafu. Kumbe mtu wa skii wa La Paz alikuwa na swali lile lile la mkulima wa Ukambani: mvua itakuja lini?

Swali hilo halikuwa la starehe peke yake. Theluji mpya ni nyeupe, na kitu cheupe hurudisha miale ya jua. Barafu kuukuu ina vumbi, ina rangi nzito, inameza joto. Ukisimama stage saa saba mchana na tisheti nyeusi unajua nazungumzia nini. Theluji ikichelewa, barafu inabaki bila shati jeupe katika miezi ambayo jua la huko ni kali kuliko yote.

Mwaka wa El Niño, milima ya Bolivia huwa na joto na theluji huwa haba. Sisi tukisikia El Niño tunafikiria mafuriko. Ukiuliza mzazi wako kuhusu 1997 na 1998 atakuambia barabara zilizokatika na madaraja yaliyobebwa. El Niño hiyo hiyo iliyotumwagia maji sisi ndiyo iliyonyima Chacaltaya theluji. Kati ya 1992 na 1998 barafu hiyo ilipoteza kama theluthi mbili ya ujazo wake.

Tunajua hivyo kwa sababu wanasayansi, akiwemo Edson Ramírez wa Bolivia na Bernard Francou wa Ufaransa, walikuwa wanaipima tangu 1991. Mwaka 2001 walichapisha hesabu zao: hali ikiendelea hivyo, barafu inaweza kwisha ndani ya miaka 15. Haikungoja hata hiyo 15. Kufikia 2009 ilikuwa imeisha. Watu bado hupanda huko, lakini wanaangalia mawe.

Kwa hivyo mlima ule ulikuwa na utabiri wa aina mbili. Wa kwanza unauliza kama Jumamosi kutakuwa na theluji, na huo kila mtu aliufuatilia. Wa pili ulisema mteremko wenyewe unaondoka, na huo ulibaki kazi ya watu wachache wenye vipimo. Siwalaumu watu wa La Paz. Bolivia haikuwa kati ya nchi zilizojaza hewa moshi, na sisi pia hatukuwa. Lakini najiona ndani yao kabisa. Mimi huangalia utabiri wa mvua kabla ya kutoka nyumbani. Sijawahi kuuliza mvua itakuwaje nikiwa na miaka 50.

Najua kuna mtu anasema, "Sasa mimi wa Umoja na barafu ya mlimani wapi na wapi?" Swali zuri, na sitakutisha bure. Barafu ya Mlima Kenya imebaki kidogo sana, si hiyo inayojaza mito. Mito inategemea zaidi mvua na misitu. Barafu ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi: taa yenyewe haiendeshi gari, lakini dereva anayeifunika kwa kitambaa ukimwona utashuka.

Na taa yetu imewaka zamani. Barafu ya Lewis ilichorwa ramani 1934, na kati ya mwaka huo na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro zinatarajiwa kuisha kufikia 2050. Chacaltaya imetufunza kwamba tarehe kama hizo zinaweza kufika mapema.

Kilichonishika zaidi ni hiki. Bila vipimo vya Ramírez na wenzake, Chacaltaya ingebaki hadithi ya wazee wanaosema "zamani palikuwa na theluji," na vijana wakicheka. Bila ramani ya 1934, hata mimi ningedhani Lewis imekuwa kipande cha kijivu siku zote.

Ndio maana nimeiposti ile picha, bila kuipaka rangi, na tarehe yake chini. Kama una mzazi, mjomba au shosho aliyepanda mlima huo miaka ya nyuma, mwombe picha zake kabla hazijapotea. Ziweke kando ya yangu, uone mwenyewe.