Sijagusa Kitu, Fundi

Kwa miaka mingi kazi ya fundi kompyuta Kariakoo ilianza na swali moja: umebadilisha nini? Jibu nalo lilikuwa moja. "Sijagusa kitu, fundi." Tulilipokea kwa adabu, kisha tukawasha mashine na kukuta mchezo uliopachikwa jana usiku, au flopi yenye virusi bado imo ndani. Kompyuta ya Windows 98 haikubadilika bila mkono wa mtu. Masasisho yalikuwepo, lakini ilibidi mwenyewe aingie intaneti, ayachague na kuyasubiri. Kwa hiyo kila mgomo ulikuwa na mhusika, na mhusika alikuwa mbele yako, amekaa kwenye benchi.

Windows Me ya mwaka 2000 ndiyo iliyoleta masasisho ya kujiendesha, ila wachache waliyajali mpaka Agosti 2003, kirusi kilichoitwa Blaster kilipoenea duniani. Kompyuta ilitoa onyo, ikahesabu sekunde 60, ikajizima na kujiwasha, tena na tena. Kinga yake ilikuwa imetolewa tangu Julai 16 na wengi hawakuwa wameichukua. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikaanza kutoa viraka kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, na Agosti 2004 ikaja Windows XP Service Pack 2, iliyomsukuma kila mtumiaji airuhusu kompyuta ijisasishe. Nasema mpaka leo kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Lakini uliamuliwa na watu wenye laini nene. Kabla waya wa intaneti wa SEACOM upitao baharini haujaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, sisi tulitegemea setilaiti. Service Pack 2 ilizidi megabaiti 260. Kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, furushi hilo lingechukua saa tisa kwa kompyuta moja tu, wateja wengine wote wa kafe ya intaneti wakiwa wamekaa mikono mitupu. XP ilikuwa na huduma ya kupakua chinichini iliyotumia nafasi tupu tu ya mtandao. Tatizo ni kwamba ilipima kadi ya mtandao ya kompyuta yake yenyewe, haikujua kuwa jirani naye anavuta kutoka laini ileile. Kila mashine iliamini njia ni nyeupe, na kafe nzima ikasimama. Kisha umeme unakatika, sasisho lililofika nusu linabaki nusu, na asubuhi Windows haiwaki.

Hapo ndipo jibu la pale kwenye benchi lilipoanza kuwa la kweli. Mama mwenye duka la vifaa vya shule, ambaye mashine yake iliganda kila asubuhi, hakika hakuwa amegusa kitu. Printa ilikuja na programu yake ya kujisasisha, kivinjari na yake, kinga ya virusi na yake, na zote ziliamka mashine ikiwashwa, zikagombea kumbukumbu ya megabaiti 256. Swali ilibidi tulihamishe kutoka kwa mteja kwenda kwa mashine. Tulifungua msconfig, tukazima nusu ya vinavyoamka, tukawasha upya; ikiendelea kuganda, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki, nayo tunaigawa tena. Baadaye tukapata Autoruns ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, inayoonyesha kila kitu kinachojiwasha, hata vile msconfig isivyovionyesha. Vista ya 2007 ikaongeza ukurasa unaoweka tarehe za masasisho na tarehe za kuanguka pamoja. Vista ilisemwa vibaya sana, lakini ukurasa ule ni zawadi kubwa waliyotupa mafundi.

Kesi ninayowasimulia wanafunzi wangu zaidi ni ya Februari 2010. Tarehe 9 Microsoft ilitoa kiraka MS10-015, kilichogusa kiini cha Windows. Kompyuta nyingi za XP zikaangukia skrini ya bluu. Ukikitoa kiraka, mashine inapona. Nani asingekihukumu? Uchunguzi ukaonyesha kwamba mashine zile tayari zilikuwa na Alureon, programu haramu inayojificha ndani ya kiini. Walioitunga walikuwa wameipa anwani maalumu za sehemu za Windows; kiraka kilipozihamisha, Alureon ikaita mahali pasipo, na kompyuta ikaanguka. Fundi aliyekitoa kiraka na kusema amemaliza alimrudishia mteja nyumba yenye mwizi chumbani.

Julai 19, 2024 kosa lilikuwa la sasisho lenyewe. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo. Liliomba kigezo cha 21 ilhali programu iliandaa 20 tu. Dreva yake ikasoma kumbukumbu isiyo yake na Windows ikaanguka. Saa 2 na dakika 27 faili lilikuwa limeondolewa, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, na kompyuta isiyowaka haipokei marekebisho. Ilibidi mtu akae mbele ya mashine, aiwashe katika hali salama, atafute faili linaloanza na C-00000291 na kulifuta. Pale diski ilipofungwa kwa BitLocker, alianza kwa kuandika ufunguo wa tarakimu 48. Mashirika makubwa ya ndege yalihitaji kazi ileile tunayoifanya Kariakoo.

Ninachokilaumu leo ni haraka. Kijana akiletewa mashine inayojizima anapiga Windows mpya, anachukua hela, na ushahidi wote umefutika. Wiki ijayo sasisho lilelile linashuka na mashine inarudi. Fundi mwenzangu, kabla hujafuta, soma tarehe ya anguko la kwanza, ilinganishe na tarehe ya sasisho la mwisho, nakili folda ya Minidump inayohifadhi rekodi za maanguko, na umtajie mteja kilichoanguka. Wala usimzimie masasisho ukidhani umemsaidia: kiraka ambacho kingekizuia kirusi cha WannaCry kilitoka Machi 14, 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio la Mei 12.